Umehamishiwa Dar na una watoto wadogo: namna ya kuchagua mtaa wa kukaa

Barua ya uhamisho ikishatoka, maswali ni yale yale. "Tabata ni pazuri?" "Kwa laki tatu nitapata nyumba Mbezi?" "Kuna dalali kanitumia picha za nyumba Goba, nimrushie hela ya kushikilia isije ikachukuliwa?" Anauliza mwalimu wa Songea, anauliza mhasibu wa Mwanza, anauliza nesi wa Dodoma, na karibu wote wanaanza na nyumba.

Dar usianze na nyumba. Anza na barabara utakayopita kila siku, kisha mtaa ulio kando ya barabara hiyo, nyumba iwe ya mwisho. Asiye na mtoto akikosea mpangilio huo, kodi ikiisha anabeba begi na godoro anahamia kwingine. Wewe mwenye mtoto wa darasa la kwanza na mwingine mgongoni, kila kuhama ni shule mpya, kliniki mpya na dada wa kazi mpya.

Nayaandika haya kwa familia ya kipato cha kawaida inayopanga. Kama mwajiri anakulipia nyumba Masaki, shukuru Mungu, una machache ya kusumbukia.

Kabla hujaanza, uwe na vitu hivi

Kituo cha kazi kwa jina la mahali. "Nimepangiwa Dar" haitoshi. Unaweza kuripoti makao makuu Posta, katikati ya jiji, kisha ukapelekwa Mbagala au Bunju, ambako ni kama miji miwili tofauti. Uliza mapema: nitakaa kituo gani, naingia saa ngapi, kuna zamu za usiku, kuna gari la wafanyakazi na linapita njia ipi. Swali hilo la mwisho watu hulisahau, na jibu lake peke yake linaweza kukuchagulia mtaa.

Hela ya kuanzia. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, wengine mwaka mzima, na dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja. Nyumba ya 300,000 kwa mwezi ni 1,800,000 ya miezi 6, jumlisha 300,000 ya dalali, unafika 2,100,000 kabla hujabeba hata kijiko. Weka na akiba ya tenki la maji, mapangaboi, neti na fundi wa vitasa, maana vitasa lazima ubadilishe.

Karatasi za watoto: vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, kadi za bima, na karatasi za uhamisho wa shule zikiwa zimesainiwa huko unakotoka. Ukiziacha, utazifuata.

Mwenyeji mmoja mwenye muda. Awe mtu atakayekutembeza, si yule atakayekusifia mtaa wake. Kila mkazi wa Dar anaamini anapokaa yeye ndipo penye nafuu.

Hatua ya 1: Atangulie mmoja

Usihamishe familia nzima siku moja. Mmoja aje, afikie kwa ndugu au nyumba ya wageni ya bei nafuu karibu na kazini, afanye kazi wiki mbili tatu huku anazunguka. Watoto wabaki hadi shule zifungwe, yaani Juni au Desemba, maana mwaka wa masomo unaanza Januari. Kama wamebaki Morogoro au Dodoma, treni ya SGR inayofanya safari tangu mwaka 2024 inakuwezesha kwenda kuwaona mwisho wa wiki. Gharama ya kuishi nyumba mbili kwa mwezi mmoja ni ndogo kuliko kodi ya miezi 6 mahali usipopataka.

Hatua ya 2: Chagua barabara

Chukua ramani ya simu, tia alama kazini. Dar imejengwa kama vidole vinavyotoka mjini. Barabara ya Bagamoyo inaelekea kaskazini: Mwenge, Mbezi Beach, Tegeta, Boko, Bunju. Morogoro inaelekea magharibi: Ubungo, Kimara, Mbezi ya Luis, Kibamba. Nyerere inapita uwanja wa ndege kwenda Ukonga, Gongo la Mboto na Pugu. Kilwa inaelekea kusini: Mtoni, Mbagala, Kongowe. Mandela na Sam Nujoma ndizo zinazokatiza vidole hivyo, kuanzia Kurasini kwenye bandari, kupita Buguruni na Ubungo, mpaka Mwenge.

Kanuni ni moja: kaa kwenye kidole kile kile ilipo kazi yako. Ofisi ikiwa Tegeta na wewe ukapanga Mbagala kwa sababu kodi ni ndogo, utauvuka mji mzima mara mbili kwa siku, na mtoto atakuona Jumapili.

Ukifanya kazi bandarini, Kurasini au Chang'ombe, angalia upande wa Kilwa na Kigamboni. Kigamboni watu wa bara wanaiogopa kwa habari za pantoni, lakini tangu daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, mtu wa Kibada anafika Kurasini bila kugusa bahari. Ila daraja magari yanalipia. Kama una gari, iweke hela hiyo kwenye hesabu. Anayefanya kazi Posta na kukaa karibu na feri anaweza kutumia pantoni, lakini aende kwanza aione asubuhi ya Jumatatu ndipo aamue.

Ukifanya kazi Posta, Kariakoo au Muhimbili, barabara ya Morogoro ina mwendokasi tangu 2016, na basi lina njia yake. Hapa kuna jambo wageni hawaambiwi. Anayepandia Kimara Mwisho yuko mwanzo wa njia, ana nafasi ya kupata kiti au angalau pa kusimama. Anayepandia katikati, tuseme Shekilango, yuko karibu zaidi na mjini ila asubuhi mabasi yanampita yamejaa. Kwenye daladala ni vivyo hivyo, ndiyo maana utaona watu wanageuza nayo: wanapanda gari likiwa linaelekea kituo cha mwisho ili lirudi nao wakiwa wamekaa. Wanalipa nauli ya ziada kwa ajili ya kiti. Mama mwenye mtoto mgongoni afikirie mwanzo wa njia kuliko kilomita.

Wa viwandani barabara ya Nyerere na wa uwanja wa ndege wana Ukonga, Gongo la Mboto, na pia Tabata, Segerea na Kinyerezi kwa ndani. Kinyerezi ina lami inayopita Malamba Mawili mpaka Mbezi ya Luis, kwa hiyo ni pazuri kwa familia ambayo baba anakwenda upande wa Nyerere na mama upande wa Morogoro. Goba nayo inafanya kazi hiyo hiyo kati ya Morogoro na Bagamoyo. Mitaa ya namna hii, yenye milango miwili, ndiyo ninayowapendekezea wanandoa wanaofanya kazi pande tofauti, hata kama si ya bei rahisi zaidi.

Uliza pia ujenzi wa barabara za mwendokasi umefikia wapi kwenye njia unayoifikiria. Barabara inayochimbwa inageuza safari ya nusu saa kuwa ya saa nzima na zaidi.

*Kosa la kawaida:* kupima umbali saa 4 asubuhi au Jumapili. Jumapili Dar yote ni karibu.

Hatua ya 3: Pima safari ya mtoto

Kama mtoto ataenda shule ya serikali, chagua mtaa ambao shule iko kwa miguu bila kuvuka barabara kubwa. Hili la kuvuka nalisisitiza. Shule inaweza kuonekana kwenye ramani mita 400 kutoka nyumbani, kumbe katikati kuna barabara ya njia nane, kama ilivyo kati ya Kimara na Kibaha. Tembea njia hiyo kwa miguu wakati wanafunzi wanakwenda shule, uone watoto wenzake wanavukia wapi na nani anawavusha. Ingia shuleni uangalie darasa la kwanza lina watoto wangapi na vyoo vikoje. Ada ilishaondolewa kwenye shule za msingi za serikali, lakini uliza michango ya chakula na masomo ya ziada.

Kama ni shule ya binafsi yenye basi, usiulize tu "basi linafika mtaani kwetu?" Uliza linamchukua saa ngapi. Kuna watoto wa miaka mitano wanasimama getini saa 11 alfajiri, kiza totoro, kwa sababu nyumba yao ndiyo ya kwanza kwenye mzunguko wa basi. Mtoto huyo analala darasani, na jioni anashushwa wa mwisho. Mwulize dereva au matroni wa basi, si ofisi ya usajili.

Kwa mtoto mdogo zaidi, tafuta kituo cha afya chenye kliniki ya watoto na kinachopokea bima yako. Hospitali za rufaa za mkoa ni Amana, Mwananyamala na Temeke. Pima usiku unafikaje kwenye mojawapo, kwa bajaji, si kwa gari la rafiki. Kama wote mnafanya kazi na hamna dada, uliza kituo cha kulelea watoto kinafunga saa ngapi. Kinachofunga saa 10 jioni hakikufai wewe unayetoka ofisini saa 11.

Hatua ya 4: Pita mtaani kwa saa zake

Baki na mitaa miwili, isizidi mitatu. Kila mmoja uufikie mara tatu: alfajiri siku ya kazi, ukisafiri kutoka pale mpaka kazini kama mkazi, jioni ukirudi, na Jumamosi usiku. Jumamosi usiku ndiyo itakayokuonyesha baa iliyolala mchana, kigodoro (ngoma ya mtaani ya kukesha), na spika za mkesha. Mtoto mchanga na spika ya mkesha hawakai nyumba moja.

Tembea kutoka kituoni hadi kwenye nyumba. Ukiambiwa "dakika tano kutoka lami", ni dakika tano za bodaboda. Boda ya 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, siku 26 za mwezi, ni 78,000. Nyumba ya 250,000 iliyo ndani sana inaweza kukugharimu kuliko ya 300,000 iliyo jirani na kituo, na mvua ikinyesha boda anapandisha bei au haingii kabisa.

Hatua ya 5: Maji, yale ya juu na yale ya bomba

Hapa ndipo watu wa mikoani wanapoumia zaidi. Dar ina mabonde mengi yanayoonekana makavu karibu mwaka mzima. Masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, mabonde hayo yanakuwa mito. Bonde la Msimbazi, pamoja na Jangwani na Kigogo, linajulikana. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali ilihamishia familia za mabondeni Mabwepande. Lakini usidhani shida ni huko tu. Sehemu za Boko Basihaya hujaa maji pia, na kwenye mitaa mingi mizuri kuna nyumba moja mbili zilizojengwa kwenye mkondo.

Huwezi kusubiri masika ili upange, kwa hiyo soma nyumba. Angalia ukuta wa nje, kimo cha goti: rangi inabadilika ghafla? Rangi mpya chini tu huku juu ya zamani? Kwenye mlango wa nyuma kuna kijukwaa cha tofali mbili kilichomwagiwa saruji baada ya nyumba kuisha kujengwa? Kwa jirani, friji imepandishwa juu ya matofali? Hakuna anayepandisha friji kwa urembo. Angalia pia barabara ya vumbi ya kuingilia. Ikiwa na mfereji mrefu katikati uliochimbwa na maji, siku ya mvua gari la shule halitaingia.

Madimbwi na matairi yaliyotupwa nayo yaangalie. Dar imepata milipuko ya dengi, ikiwemo ya mwaka 2014 na 2019, na mbu wake anauma mchana, wakati mtoto anacheza nje na neti iko kitandani.

Kisha maji ya kutumia. Usimwulize mwenye nyumba kama kuna maji, atasema yapo. Mwulize mpangaji: maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, yanatoka siku zipi, usiku au mchana, tenki ni la lita ngapi na mnagawana wangapi. Kama ni kisima, onja. Visima vingi vya Dar vina chumvi, sabuni haitoi povu, na utanunua maji ya kunywa na kupikia kila wiki.

Hatua ya 6: Uliza watu ambao hawapati chochote kwako

Mama wa genge anajua nani kaibiwa na lini. Vijana wa kijiweni wanajua njia isiyopitika usiku. Mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa anajua kama kiwanja kina kesi, na utamhitaji tena akuandikie barua ya utambulisho. Nunua nyanya za elfu moja, ukae, uulize polepole. Mtu aliyeulizwa "hapa pana usalama?" atajibu ndiyo. Mwulize "nguo mnaanua saa ngapi?" Wakikuambia kabla ya magharibi, wewe mwenyewe umeshaelewa.

Hatua ya 7: Sasa tafuta nyumba

Tumia dalali anayekaa mtaa huo huo, na mwambie mapema bei ya juu unayoweza. Kuna wanaodai hela ya kukupeleka kuona nyumba. Kubalianeni kabla ya kuondoka kijiweni, isije ikawa kila geti ni elfu kumi.

Ndani ya nyumba, mambo matatu kwa mwenye watoto. Joto: unayetoka Njombe au Mbeya hujui Januari ya Dar. Chumba cha watoto kiwe na madirisha pande mbili, yenye nyavu, na sehemu ya pangaboi. Umeme: mita ya LUKU iwe yako peke yako, maana wapangaji wanne wakichangia LUKU moja, mwenye friji na pasi ndiye anayenuniwa. Uwanja: geti linafungwa, shimo la maji taka lina mfuniko mzito, kisima kimefunikwa. Piga hatua juu ya mfuniko wa shimo. Mfuniko ukitikisika, usipange mpaka utengenezwe.

*Onyo:* usitume hela kwa nyumba uliyoiona kwenye picha, hata kama dalali anakupigia kila dakika kusema kuna mtu yuko benki anatoa hela. Nyumba moja inaweza kupangishwa kwa watu watatu kwa siku moja, na anayepangisha asiwe mwenyewe.

Hatua ya 8: Lipa kwa mwenyewe

Muone mwenye nyumba au msimamizi anayetambulika serikali ya mtaa. Mkataba uandike jina lake, kiasi, miezi, nani anatengeneza nini, na notisi ya kuondoka. Lipa benki au kwa simu, ibaki kumbukumbu. Omba uanze na miezi 3. Wengi watakataa, wengine watakubali wakikuona una barua ya kazi na familia. Kabla ya kusaini, piga picha kila ufa na kila kioo kilichopasuka, umtumie siku hiyo hiyo.

Mambo yakienda kombo

*Hakuna mtaa unaokidhi yote.* Usikubali bonde wala barabara kubwa ya kuvukwa na mtoto. Mengine yote yanajadilika: sebule ndogo, lami mbali kidogo, nyumba isiyo na fensi kwenye mtaa tulivu.

*Baba kazi Bunju, mama kazi Mbagala.* Kaeni karibu na kazi ya yule ambaye shule ikipiga simu kuwa mtoto ana homa, ndiye atakayekwenda. Semeni ukweli ni nani.

*Kazini wamekuhamisha kituo mwezi wa pili.* Usihamishe familia kwa haraka. Maliza kodi uliyolipa, safiri, na utumie muda huo kurudia hatua ya 2. Mwenye nyumba anaweza kukubali umletee mpangaji mwingine. Zungumza naye mapema, na kwa maandishi.

*Bomba limekauka.* Ongea na majirani mnunue boza pamoja, mgawane, na ununue simtanki yako mwenyewe ambayo utahama nayo.

*Mtoto anakataa shule mpya.* Mara nyingi ni kuamka, si shule. Mlaze saa 2 usiku kwa wiki mbili, uone. Ikiwa basi linamchukua gizani, omba mzunguko ugeuzwe asubuhi aanze mwingine. Shule nyingine hukubali wazazi wawili watatu wakiomba pamoja.

*Nyumba imeingia maji mvua ya kwanza.* Toa watoto kwanza, kata umeme kwenye mita, piga picha maji yakiwa bado ndani. Picha hizo, pamoja na barua ya mjumbe, ndizo utakazokwenda nazo kudai kodi iliyobaki. Usisubiri pakauke, maana pakishakauka utaambiwa ulimwaga ndoo.